Kusoma Safari na Wajibu katika Chapa za Mbao za Kijapani: Mwongozo Kamili

Wengi wanaokutana na chapa za mbao za Kijapani mtandaoni huangalia mlima Fuji, huipenda theluji, hubonyeza alama ya moyo na kupita. Hakuna ubaya. Lakini mnunuzi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, aliponunua karatasi hiyo miaka ya 1830 aliona na mengine: huyu anayetembea katumwa na nani, ana ruhusa ya kupita, amebeba nini, na ni mali ya nani. Katika Japani ya watawala wa ukoo wa Tokugawa (1603–1868), safari ilikuwa jambo la serikali kabla ya kuwa starehe. Ndiyo maana katika picha hizi safari na wajibu haviachani, hata pale mchoraji anapokuchekesha kwa mtu anayeifukuza kofia yake.

Msimamo wangu nautanguliza mapema: usiutafute wajibu kwenye upanga wa samurai kwanza. Utafute begani kwa mpagazi. Ukianzia hapo, mengine yatajipanga yenyewe.

Kabla ya kuanza: pata picha inayosomeka

Simu inatosha, ila picha lazima iwe kubwa ya kutosha kuvutwa hadi uone vidole vya mtu. Jumba la Metropolitan la New York na Taasisi ya Sanaa ya Chicago wanaruhusu kupakua bure chapa nyingi za wachoraji Hiroshige na Hokusai. Tovuti ya ukiyo-e.org inakusanya picha kutoka makumbusho mengi, kwa hiyo unaweza kuziweka nakala tatu nne za chapa moja kando kwa kando. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Mafaili haya yatalimaliza bando lako kabla ya chakula cha mchana. Epuka picha zinazozunguka kwenye mitandao ya kijamii: nyingi zimekatwa kingo, na kwenye kingo ndiko kuna nusu ya habari.

Kitabu chetu cha mazoezi kitakuwa mfululizo mmoja: Vituo 53 vya Tokaido (barabara kuu ya kutoka Edo hadi Kyoto), uliochorwa na Utagawa Hiroshige (1797–1858) na kutolewa mwaka 1833 na 1834 hivi na mchapishaji Takenouchi Magohachi, ambaye duka lake liliitwa Hoeido. Karatasi ni 55, kwa sababu mwanzo wa njia, daraja la Nihonbashi mjini Edo, na mwisho wake, Kyoto, vina karatasi zao. Kila moja imelala upande na ina takriban sentimita 38 kwa 26. Bei yake haikuwa mbali na ya bakuli moja au mawili ya tambi. Hivi vilikuwa vitu vya watu wa kawaida, si hazina za kasri.

Kumbuka pia kwamba Hiroshige hakufanya kazi peke yake. Alichora kwenye karatasi nyembamba. Fundi mchongaji akaibandika juu ya ubao wa mti wa cheri na kuuchonga. Mchapaji akapaka rangi, ubao mmoja baada ya mwingine, akikandamiza karatasi kwa mkono. Mchapishaji akalipa na kuuza. Ukisifu ukungu unaofifia taratibu, unamsifu mchapaji.

Hatua ya 1: Jiulize nani kamtuma

Tokaido iliunganisha Edo na Kyoto kwa mwendo wa kilomita 490 hivi, na mtembea kwa miguu aliumaliza kwa takriban wiki mbili. Kila unayemwona barabarani kwenye picha yuko pale kwa sababu, na sababu hizo si nyingi.

Wakubwa wa njia ni daimyo, mabwana waliotawala majimbo. Mwaka 1635 Shogun (mtawala mkuu wa kijeshi) Iemitsu aliuweka katika sheria utaratibu wa sankin-kotai: daimyo akae Edo, kwa kawaida mwaka mmoja, mwaka unaofuata arudi jimboni kwake, kisha aanze tena. Mke na mrithi wake walibaki Edo muda wote. Walikuwa mateka, ingawa hakuna aliyewaita hivyo mbele ya watu. Msafara ulikuwa wa mamia ya watu, na ule wa jimbo tajiri la Kaga uliweza kupita elfu mbili, gharama zote juu ya daimyo mwenyewe. Bwana anayemwaga fedha barabarani habaki na nyingi za kununulia vita. Utaratibu ulilegezwa mwaka 1862, na miaka sita baadaye utawala wa Tokugawa haukuwapo tena.

Kwa hiyo ukiona msafara wa mikuki mirefu, unamwona mtu mkubwa akitii amri hadharani kwa pesa zake, na papo hapo akijionyesha ukubwa. Shika yote mawili kwa pamoja. Ukishika fahari peke yake utaona maandamano tu.

Wa pili ni matarishi. Kwenye karatasi ya Hiratsuka, tarishi anakuja mbio kwenye njia ya kupindapinda kati ya mashamba, akipishana na wapagazi wanaorudi na machela tupu. Barua rasmi zilipokezanwa kituo hadi kituo na kufika Kyoto kwa siku tatu nne, njia ile ile iliyomla mtu wa kawaida wiki mbili.

Wa tatu ni mahujaji. Mtu wa chini alihitaji hati ili apite kwenye vituo vya ukaguzi, na sababu iliyokubalika kirahisi kuliko zote ilikuwa kwenda kuzuru mahali patakatifu, hasa mahekalu ya Ise. Mwaka 1830, miaka michache tu kabla ya mfululizo huu, wimbi la hija ya Ise lilivuta watu wanaokadiriwa kuzidi milioni 4. Wengi walikwenda kusali na pia kuiona dunia, na hakuna aliyewauliza uwiano. Hao hao, wakirudi nyumbani, ndio walionunua chapa za njia waliyoipita. Na waliobaki walinunua ili wasafiri kwa macho.

Wa nne ndio huwa tunawapita bila kuwasalimu: watu wa kituo. Kila kituo cha Tokaido kilitakiwa kuwa na wapagazi 100 na farasi 100 tayari kwa safari rasmi. Kwenye Nakasendo, njia ya milimani, ilikuwa 50 na 50. Wasipotosha, vijiji vya jirani viliamriwa kuleta watu na wanyama, hata kama mpunga ulikuwa unangoja shambani. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wa kwetu; Tokaido walimpa mwanakijiji. Mwishoni mwa mwaka 1764 wakulima wa kando ya Nakasendo waliinuka kwa maelfu kupinga nyongeza ya kazi hiyo. Chapa za mandhari hazikuonyeshi ghasia zile, lakini zinakuonyesha mabega yenyewe kila baada ya karatasi mbili tatu.

Hatua ya 2: Pitia maandishi na mihuri

Huhitaji kujua Kijapani. Jifunze tu mahali pa kuangalia. Mistari mirefu ya wima ina jina la mfululizo na la kituo. Kandokando yake Hiroshige mara nyingi huweka kidude chekundu kama muhuri chenye kichwa kidogo, mfano "mvua ya ghafla" au "kuondoka alfajiri". Kisha kuna sahihi ya mchoraji, alama ya mchapishaji, na muhuri wa mkaguzi wa serikali. Kwa tafsiri tegemea maelezo ya makumbusho. Programu za kutafsiri kwa kamera huhangaika sana na mwandiko huu.

Muhuri wa mkaguzi ni saa yako. Kuanzia 1791 hadi 1842 utaona muhuri mdogo wa mviringo wenye neno moja, kiwame, yaani imekubaliwa. Kati ya 1843 na 1853 huja majina ya wakaguzi, kwanza mmoja, baadaye wawili pamoja. Kuanzia 1852 unaongezwa muhuri wa mwaka na mwezi, mwaka ukitajwa kwa mnyama wa zodiaki. Ukiwa na orodha ya mihuri hii kwenye simu, unaweza kuikadiria chapa umri kabla hujasoma maelezo.

Ukaguzi huu ulibadilisha hata mada. Marekebisho ya serikali yaitwayo ya Tenpo, mwaka 1842, yalipiga marufuku picha za waigizaji na makahaba, biashara kubwa ya wachapishaji. Wengi walikimbilia mashujaa wa zamani, watoto watiifu na watumishi waaminifu. Kwa hiyo ukikutana na chapa ya miaka ya 1840 inayohubiri wajibu kwa sauti ya juu, jiulize kama mhubiri ni mchoraji au ni soko lililobanwa koo.

Hatua ya 3: Anza na mzigo

Sasa vuta picha. Usitazame mlima bado. Tafuta kila kilichobebwa, kisha umpe mwenyewe.

Mikuki mirefu yenye vifuniko vya manyoya kichwani, mara nyingi miwili kwa pamoja, hutangulia msafara wa daimyo. Watu waliojua waliweza kumtambua bwana kwa umbo la vifuniko. Masanduku mawili yaliyoning'inia kwenye mti na kubebwa begani hubeba mavazi ya heshima. Machela ya mbao iliyofungwa pande zote ni ya mtu wa cheo. Kikapu cha mianzi kinachoning'inia kwenye gogo ni cha yeyote mwenye nauli. Bunduki huwa ndani ya vifuniko: katika mfululizo wa Hokusai wa mlima Fuji kuna karatasi ya Senju ambapo askari wa msafara wanapita na bunduki zilizofunikwa, macho yao yakiwa kwenye mtaa wa starehe ng'ambo ya mashamba. Miguu inatii amri, shingo imegoma.

Mahujaji wana alama zao. Kwenye karatasi ya Numazu, jioni chini ya mwezi mpevu, mtu mmoja amebeba mgongoni kinyago kikubwa chekundu chenye pua ndefu. Hicho ni kinyago cha tengu, pepo wa milimani, na kinatuambia anaelekea hekalu la Konpira katika kisiwa cha Shikoku. Mbele yake anatembea mwanamke na mtoto. Kata ya kutekea maji mkononi mwa watu kama hawa ilikuwa chombo cha kupokelea sadaka njiani. Mzigo wa kinyago ni nadhiri iliyobebwa mgongoni, na Hiroshige ameifanya iwe kubwa kiasi kwamba kinyago kinatutazama sisi huku mbebaji akitupa kisogo.

Angalia na miguu. Ndara za majani ya mpunga zilichakaa upesi, ndiyo maana vibanda vya njiani vina jozi zilizotundikwa za kuuza. Farasi nao walivishwa viatu vya majani. Mtu asiye na ndara kabisa, kiunoni kitambaa tu, ni mpagazi akiwa kazini.

Hatua ya 4: Kaa na karatasi moja hadi iseme

Chukua Nihonbashi, ya kwanza. Ni alfajiri, anga jekundu chini. Milango ya mbao ya mtaa imefunguliwa kulia na kushoto kama pazia la jukwaa, na daraja linapanda katikati. Juu ya mgongo wa daraja unatokea msafara wa daimyo ukija kwetu: mbele watu wawili na masanduku, nyuma yao mikuki ya manyoya, kisha umati wa kofia. Bwana mwenyewe humwoni. Kushoto, karibu nasi, wauza samaki na vikapu vyao vya mabegani wanageukia pembeni kuupisha. Nyuma yao kuna mbao za matangazo za serikali, zenye amri kwa wananchi. Kulia, mbwa.

Hebu tuisome kwa mzigo. Kuna makundi mawili ya wabebaji: waliobeba vyeo vya mtu na waliobeba kitoweo cha mji. Wote wameamka kabla ya jua, wote wana miti mabegani. Umbali wa barabara kuu za Japani ulihesabiwa kutoka daraja hili, kwa hiyo wauza samaki wamesimama kwenye sifuri ya nchi nzima, wakisukumwa pembeni yake. Mbao za amri zimewekwa juu ya vichwa vyao hasa. Na mbwa peke yao ndio ambao hakuna aliyewaamuru kitu.

Sijui kama Hiroshige alikusudia yote hayo, na sijali sana. Alikuwa mtoto wa samurai wa ngazi ya chini aliyesimamia kikosi cha zimamoto Edo, akarithi cheo hicho mwaka 1809 angali mtoto, na baadaye akakiachia jamaa ili achore. Zamu alizijua kwa mwili wake. Masimulizi husema mwaka 1832 aliipita Tokaido katika ujumbe rasmi uliopeleka farasi wa shogun kwa mfalme Kyoto. Wasomi kadhaa wanaitilia shaka habari hiyo, na picha hazihitaji iwe kweli.

Baada ya hapo nenda Fujieda, karatasi ambayo haitiwi kwenye kalenda. Hakuna mlima wala bahari. Ni ofisi ya kubadilishia wapagazi na farasi: karani juu ya jukwaa anaandika, mizigo inashushwa na kupakiwa upya, mtu anajifuta jasho. Kama ningelazimika kuokoa karatasi moja tu kwenye mfululizo mzima kwa ajili ya somo letu, ningeiacha Fuji yote na kuchukua hii. Hapa wajibu una leja. Karani anahakikisha mzigo umebadilisha bega bila kubadilisha mwenyewe, na waliomaliza zamu wanapumua kabla hawajaitwa tena.

Hatua ya 5: Simama kwenye vivuko na malango

Mahali njia inapokatika ndipo mamlaka yanapoonekana. Mto Oi, kati ya vituo vya Shimada na Kanaya, haukuwa na daraja wala mashua, kwa amri. Msafiri alibebwa na wavushaji: mwenye pesa chache mabegani, mwenye nyingi juu ya jukwaa la mbao. Maji yakizidi kina kilichowekwa, kivuko kilifungwa na kila mtu akangoja, daimyo kwa mwombaji, huku nyumba za wageni zikichuma. Hiroshige ameuchora kutoka juu sana, watu wadogo kama punje kwenye mchanga. Vuta picha ya Kanaya uone machela ya bwana juu ya jukwaa, na uhesabu vichwa vilivyo majini chini yake.

Kwenye Okitsu amegeuza jambo kuwa mzaha: wacheza sumo wawili wanavushwa, mmoja kwa farasi, mwingine kwa machela. Waonee huruma wabebaji.

Vituo vya ukaguzi vilivyoogopwa zaidi ni Hakone na Arai. Walinzi walitafuta hasa bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka, maana mwanamke anayetoka angeweza kuwa mke wa daimyo anayetoroka umateka. Wanawake walikaguliwa na mabibi wa kazi hiyo, hadi nywele kufumuliwa. Sasa fungua karatasi ya Hakone: ziwa, mlima mkali wa rangi nyingi, na katika ufa wa mlima mstari wa kofia ukishuka. Kituo chenyewe hakipo. Kwa Arai kipo mbali ng'ambo ya maji, huku mashua ya bwana yenye mapazia ikielekea huko na mashua ya watumishi ikifuata, ndani yake mmoja akipiga mwayo mikono juu. Mwayo ule unaeleza utumishi kuliko panga nyingi nilizowahi kuona kwenye chapa.

Mlango wa tatu ni nyumba ya wageni. Karatasi ya Goyu inaonyesha wanawake wa nyumba hizo wakiwavuta wasafiri kwa nguvu, mmoja nusura anyongwe na kamba ya furushi lake. Inachekesha, mpaka ukumbuke kwamba wavutaji nao wako kazini usiku ule.

Hatua ya 6: Hali ya hewa, kwa kiasi

Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza kwenye ushairi. Mvua, theluji na ukungu vina kazi katika picha hizi, ila si kila tone lina siri. Kanuni yangu: hali ya hewa ina maana pale inapobadilisha mwendo wa mtu.

Shono ndiyo mfano mwafaka. Mvua ya ghafla, mianzi imeinama kwa tabaka za kijivu. Wabebaji wa machela wanapanda, abiria amefunikwa. Mkulima mwenye vazi la majani na mtu mwenye mwavuli wanashuka. Kila mmoja anakimbia ila wabebaji hawawezi kukimbilia pao wenyewe; wanakimbia na mtu mwingine ndani. Yokkaichi ni upepo: kofia inabiringika, mwenyewe nyuma yake, na darajani mtu wa pili anaendelea na safari nguo zikipepea. Mishima ni ukungu wa asubuhi ambamo wapita njia wa mbali hawana mistari ya kontua, ni vivuli tu, kama watu ambao hatutajua walitumwa wapi. Kameyama, mbingu imetakata baada ya theluji, na msafara unapanda mteremko mkali kuelekea lango la ngome. Theluji nzuri vile na bado amri ni kupanda.

Kanbara, theluji ya usiku, ndiyo maarufu kuliko zote, na watu hupenda kutaja kwamba mahali penyewe theluji nyingi ni nadra. Hiyo ni hoja nzuri kwa kazi yetu: mchoraji aliweka hali ya hewa aliyoihitaji. Watu watatu, migongo imepinda, mji umenyamaza. Ishia hapo. Ukianza kusema theluji ni mauti, utakuwa unaongea peke yako.

Hatua ya 7: Sasa upanga

Umeshajua mabega, nenda kwenye wajibu unaoua. Mwaka 1701 daimyo Asano Naganori alimshambulia ofisa Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya shogun mjini Edo na akaamriwa kujiua siku hiyo hiyo. Habari zilipelekwa Ako, jimboni kwake, kilomita zaidi ya 600, na watumishi waliosafiri kwa machela za mbio usiku na mchana kwa siku nne tano. Ukitaka kujua safari ile ilivyokuwa, rudi Tokaido, karatasi ya Kusatsu: machela ya mbio, wabebaji wengi, na abiria ameshikilia kamba kwa nguvu zake zote ili asirushwe nje.

Majira ya baridi ya 1702 kuingia 1703, watumishi 47 wa Asano waliobaki bila bwana walivamia nyumba ya Kira na kumuua, kisha 46 kati yao wakaamriwa kujiua. Kisa kikawa tamthilia ya vikaragosi mwaka 1748, Kanadehon Chushingura, na kutoka hapo chapa zisizohesabika. Kwa kuanzia chukua mfululizo wa Utagawa Kuniyoshi wa 1847 na 1848. Kila mtu yuko peke yake kwenye karatasi ya kusimama, nyuma yake patupu, juu yake maelezo ya maisha yake. Hakuna barabara, hakuna mandhari. Mmoja anakwepa, mwingine anachomoa, mwingine anajipangusa. Kwa macho yangu, utupu ule ndio hoja: safari imekwisha, na kilichobaki ni mwili unaotimiza ahadi. Majina yamebadilishwa kidogo, Oishi, kiongozi wao, akawa Oboshi, kwa sababu sheria ilikataza kutaja mambo ya watu wa zama za Tokugawa. Kisa kizima kikavishwa nguo za karne ya 14.

Usiishie kwa wanaume. Tendo la nane la tamthilia ni safari ya mama, Tonase, akimpeleka binti yake Konami kwa mchumba ambaye familia yake imepoteza kila kitu. Chapa za tendo hili huwaonyesha wawili hao peke yao njiani, Fuji ikiwa nyuma, na mara nyingi kwa mbali msafara mkubwa unapita, wa kifahari, usio wao. Ukikumbuka Hatua ya 1 utaelewa kwa nini mnunuzi wa Edo aliumia alipoiona: mwanamke njiani bila msafara alikuwa na mengi ya kueleza kwa walinzi.

Hatua ya 8: Tafuta kilichofichwa, na kinachouzwa

Nembo kwenye mapazia na mizigo ya Hiroshige mara nyingi si za daimyo yeyote. Utaona alama ya umbo la almasi iliyoundwa na silabi mbili, hi na ro, mwanzo wa jina lake mwenyewe. Kwa njia hiyo aliweza kuchora msafara bila kumtaja bwana ambaye angeweza kulalamika.

Mwaka 1863 mchezo huo ulifanywa kwa ukubwa. Shogun Iemochi alisafiri kwenda Kyoto, shogun wa kwanza kufanya hivyo tangu 1634, akiitwa na mfalme wakati utawala wake umeshaanza kuyumba. Wachapishaji wakakusanya wachoraji wengi na kutoa mfululizo mkubwa wa safari hiyo, huku wakidai ni msafara wa Minamoto no Yoritomo, mtawala wa karne ya 12. Kila mnunuzi alijua ni nani. Kwa miaka zaidi ya mia mbili daimyo walitembea kumfuata shogun; sasa shogun ndiye anayetembea.

Na matangazo yapo. Kwenye karatasi ya Seki, msafara ukijiandaa kuondoka alfajiri na taa zikiwaka, vibao chini ya paa vinatangaza poda ya uso ya duka moja la Edo. Kwenye Goyu, vibao vya nyumba ya wageni vina majina ya mchongaji Jirobei na mchapaji Heibei, na duara kubwa lina jina la mchapishaji. Mwavuli wa Shono, katika chapa za mwanzo, una maandishi ya Takenouchi na jina la mfululizo. Basi tangazo lenyewe linasafiri, mvua ikilinyeshea.

Hatua ya 9: Linganisha nakala, na ukitaka kununua

Kwa kuwa mbao za kuchapia zilitumika mara nyingi na kurekebishwa, chapa mbili za kituo kimoja zinaweza kutofautiana kimaana. Kanbara ina aina mbili: moja giza liko juu ya anga, nyingine giza limeshuka karibu na paa; usiku wa kwanza unafunika, wa pili unabana. Mwavuli wa Shono usio na maandishi ni wa chapa za baadaye. Buluu ya Prusia, iliyoenea Japani karibu na 1830, inapaswa kufifia taratibu kwenye maji na anga. Ikiwa imepakwa sawasawa kama ukuta, mchapaji alikuwa na haraka au karatasi ni ya baadaye.

Ukimaliza Tokaido, nenda kwenye vituo 69 vya Kisokaido, vilivyochorwa na Keisai Eisen na Hiroshige kuanzia 1835 hivi. Hiyo ndiyo Nakasendo, njia ambayo mwaka 1861 binti wa kifalme Kazunomiya aliipita kutoka Kyoto kwenda Edo kuolewa na Shogun Iemochi, ndoa ya siasa ambayo hakuitaka. Zisome kwa hatua zile zile: nani kamtuma, nani anabeba.

Kwa anayetaka kununua, jua kwamba warsha za Japani bado huchonga upya chapa hizi kwa mikono, na nakala hizo ni halali mradi muuzaji aseme ni nakala. Geuza karatasi: chapa ya mkono huonyesha rangi iliyopenya nyuma na mikwaruzo ya kukandamizia. Kisha weka lenzi mbele. Ukiona vitone vidogo vya rangi vimejipanga, hiyo ni picha ya mashine. Itundike ukutani kwa raha zako, ila usiilipie bei ya chapa.